Siku nilipokiosha kibuyu cha chachu cha mama, na wanzuki ya "Ruksa" ikazaliwa Shelui

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine nawasalimu kwa jumla, mtagawana.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayesifia bia mpya za vijana wetu, hizi craft beer zinazotengenezwa kidogo kidogo na kwa msimu. Moja ya embe, nyingine ya rosela, nyingine ya asali. Nikacheka peke yangu jikoni hadi mjukuu akaja kuniangalia.

Mnafikiri bia ya msimu imeletwa na simu janja?

Ninachosimulia hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, pombe yangu isichachuke mpaka naingia kaburini.

(Mods, tafadhali msiuunganishe na ule uzi wa bei za bia. Huu ni wa mama yangu.)

Nimezaliwa na kukulia Shelui, pale barabara ya Singida kwenda Nzega inapomaliza kushuka mlima wa Sekenke. Miaka hiyo barabara ilikuwa vumbi tupu. Lori likishuka mlima linafika kwetu linanuka breki, dereva kachoka, koo limekauka. Kwa hiyo Shelui wateja wenye kiu hawakuwahi kukosekana.

Kwa vijana wasiojua: pombe ya kienyeji haikuuzwa ovyo ovyo. Kulikuwa na kilabu cha kijiji, jengo refu la bati lenye mabenchi ya matofali, na akina mama wapika pombe walipokezana humo kwa zamu. Leo huyu, kesho yule.

Mama yangu, Mama Rehema (Rehema ndiyo mimi), alikuwa na zamu ya Jumamosi. Ile siku yenyewe. Aliipata baada ya miaka mingi ya kupika siku za katikati ya wiki, na hakuna kitu alichojivunia kama hicho. Hata kanisani alikaa benchi la mbele, na mchungaji alimvumilia.

Mwaka mzima alipika pombe ya mtama kama wenzake. Lakini asali ikivunwa, mara moja kwa mwaka, alipika wanzuki. Wanzuki ni pombe ya asali, na ya mama ilikuwa ya rangi ya dhahabu, tamu mwanzoni halafu inakugeuka ukiwa umeshasimama. Madereva walikuwa wanauliza toka mwezi uliopita: "Mama, asali vipi?"

Sasa ndugu zangu, ikaja enzi ya ruksa.

Wahenga mnaijua. Vitu vilivyokuwa havionekani vikaanza kuonekana: mitumba, redio, sabuni za kunukia, na bia za chupa za kila aina, nyingine hata majina hatukuweza kuyatamka. Ukiuliza hiki kinawezekana, jibu ni ruksa. Mtoto akiomba kwenda kucheza, anaambiwa ruksa. Neno lilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Basi bwana mmoja kutoka mjini akaja na ruksa yake, akafungua baa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na kilabu chetu. Jenereta, spika, na friji. Tukamwita Bosi Friji, na yeye akalipenda jina.

Madereva wakaanza kuvuka barabara. Kwanza mmoja, halafu wawili, halafu Jumamosi moja nikamwona mama amekaa kilabuni na wazee watano tu, na wanne kati yao ni wa kunywa bila haraka.

Dereva mmoja aliniambia ukweli wake mbele ya watu. Alisema kule kuna glasi na kitambaa cha kufutia meza, huku mnatuzungushia kata moja ya kunywea toka asubuhi. Wazee wakacheka. Mimi sikucheka, iliniuma kweli kweli.

Lazima niwaeleze nilivyokuwa wakati huo. Nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri matokeo, na somo nililolijua kuliko yote ni sayansi kimu, lile la mapishi na usafi wa nyumbani. Nilirudi nyumbani naona vijidudu kila mahali. Nilichemsha vijiko. Nilimfundisha mama kuosha mikono, yeye aliyenizaa na kunilea mpaka nikafika huko.

Basi mwenyekiti wa kilabu, Mzee Kitundu, akaja nyumbani. Alikuwa mtu mpole asiyependa kusema jambo baya, kwa hiyo alianza na mvua, akaenda kwenye ng'ombe, akarudi kwenye mvua. Mwishowe akasema. Bosi Friji ameiomba Jumamosi. Anataka siku hiyo aweke kreti zake mle kilabuni, maana baa yake imekuwa ndogo. Wajumbe wameona wasimwonee mama, wangoje wanzuki ya mwaka huu. Jumamosi ya wanzuki kilabu kikijaa, zamu inabaki yake. Kisipojaa, Jumamosi inakwenda kwa Bosi Friji na mama anahamia Jumatatu asubuhi.

Jumatatu asubuhi, wakuu. Siku ambayo hata walevi wana aibu.

Mama alimjibu, "Nimesikia, mzee." Kesho yake akapanda lori kwenda Kinampanda kwa mjomba kufuata asali.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipoharibu.

Jikoni kwetu, juu ya moto, kilining'inia kibuyu. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kina harufu kali ya uchachu, na ndani kimeganda ukoko kama wa uji uliosahaulika. Toka nina akili nilikiona pale. Kila msimu mama alikishusha, akamimina kilichomo kwenye mapipa ya asali na maji, na baada ya siku tatu nne pombe iko tayari. Akabakiza kidogo, akakirudisha juu.

Sikuwahi kuuliza ndani mna nini. Nilijua tu kwamba kilinitia kinyaa.

Mama akiwa Kinampanda, siku ya pili, dereva mmoja tuliyemzoea, Mzee Saidi, alipita na lori lake. Hakuzima injini, alikuwa anaiwahi Nzega. Alitoa kichwa dirishani akanipigia kelele kwamba mama anarudi Jumatatu na asali, na ameagiza kibuyu uki...she.

Uki nini? Injini inanguruma, vumbi limenijaa masikioni. Mimi nikasikia "ukioshe."

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikasema hatimaye mama ameelewa somo! Nikachemsha maji. Nikatia vipande vya sabuni ya mche, nikatia changarawe, nikaziba mdomo, nikakitikisa kile kibuyu mpaka mabega yakauma. Nikamwaga maji meusi, nikarudia. Mara tano. Nikakianika juani. Kilipokauka kilikuwa safi, chekundu, kinanukia sabuni, na mimi nikasimama pembeni nikijipongeza.

Najua kuna mkuu atauliza hapo chini kama nilikuwa mjinga au nilijifanya. Mkuu, vyote viwili.

Mama akarudi Jumatatu jioni na madebe ya asali. Asali ya mwaka ule ilikuwa nzuri ajabu. Giza lilikuwa linaingia na alikuwa na haraka, akachanganya asali na maji ya uvuguvugu kwenye mapipa mawili, akatia maji kidogo kwenye kibuyu, akakitikisa, akamimina. Hakukitazama. Mtu anakitazamaje kitu ambacho amekishika miaka yote hiyo?

Jumanne kimya.

Jumatano asubuhi nikamkuta ameweka sikio kwenye pipa. Pombe inayochachuka inasema, wakuu. Ukiweka sikio unasikia kama mvua ya mbali juu ya bati. Mama alisikiliza pipa la kwanza, akasikiliza la pili, akaonja kwa kidole.

Akasema, "Haisemi. Hii ni chai baridi."

Ndipo akakishusha kibuyu. Akakigeuza kwenye mwanga. Akakinusa.

Mama yangu alikuwa na mdomo, siwafichi. Kijiji kizima kilimjua. Lakini siku ile alikaa chini, kibuyu mapajani, akaniuliza polepole, "Rehema, umekifanya nini?"

Nikamwambia nimekiosha kama alivyoagiza.

"Nilisema ukiamshe."

Kumbe chachu ikikaa mwaka mzima inalala. Unaiamsha kwa kijiko cha asali na maji ya uvuguvugu, siku mbili kabla ya kupika. Kukiamsha kibuyu. Kila mpika wanzuki anajua. Ule ukoko ulionitia kinyaa ndiyo chachu yenyewe, aliyopewa mama na shangazi yake alipoolewa, na mimi nilikuwa nimeimwaga nyuma ya choo pamoja na changarawe.

Nililia. Siyo machozi ya kuombea msamaha, nililia kwa sababu nilielewa kwamba nimempokonya mama Jumamosi yake kwa mikono yangu, na mikono yenyewe ni safi.

Nikasema niende dukani nikanunue hamira. Mama akasema wanzuki ya hamira inanuka mandazi, mteja wa kwanza tu ataivusha barabara habari hiyo. Nikasema tuombe kwa akina mama wengine. Akasema wengine wanapika mtama, wanatumia kimea, hawana kibuyu. Kisha akasema kibuyu kingine cha chachu hapa Shelui kiko kwa mpika mmoja tu, na nikajua anamfikiria nani.

Mama Shani.

Mama Shani alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Walikuwa hawajasalimiana miaka sita. Chanzo ni kwamba mama alikwenda msibani Kinampanda, akarudi Jumamosi akamkuta Mama Shani amekaa kwenye zamu yake anagawa pombe. Mama akamwita mwizi wa zamu mbele ya walevi wote. Toka siku hiyo wakikutana kisimani, mmoja anageuka kuangalia mbuzi.

Nikajitolea kwenda mimi, maana kosa ni langu. Mama akakataa. Alisema chachu haiombwi kwa kumtuma mtoto. Unakwenda mwenyewe, na kibuyu kitupu mkononi, watu wakuone unavyopita.

Akajifunga khanga, akabeba kibuyu, tukapita katikati ya Shelui. Na watu wakatuona kweli. Bosi Friji mwenyewe alikuwa kibarazani anapiga mswaki, akasimamisha mswaki.

Tulimkuta Mama Shani uani anapepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Mama akasalimia. Mama Shani akaendelea kupepeta. Mama akakiweka kibuyu mbele yake.

Mama Shani akakichukua, akakinusa, akachungulia ndani. "Nani kakiosha?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni ya mche."

Wakuu, yule mama aliniuliza sababu, mimi nikamtajia sabuni. Alicheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na kuku wakavamia mtama, na mama yangu, aliyekuwa amejikaza toka nyumbani, naye akashindwa. Nilisimama pale nikichekwa na wanawake wawili, na sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile.

Walipotulia, Mama Shani akasema jambo ambalo nadhani alilibeba miaka yote sita. Alisema ile Jumamosi alikaa kwenye zamu ya mama kwa sababu mama hayupo, na zamu ikiwa wazi wangeichukua wengine. Alikuwa anaishikilia.

"Ungesema," mama akamwambia.

"Uliniachia nafasi ya kusema?"

Mama akainama. Akasema, "Nisamehe, mwenzangu." Nilikuwa sijawahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, wala baba yangu hakuwahi kuyasikia, na aliishi naye miaka ishirini.

Mama Shani akaingia jikoni kwake, akatoka na kibuyu cheusi. Akamimina nusu kwenye kile cha kwetu. Akamwambia mama, "Usinishukuru. Hii ni ya kwako. Uliniletea siku nilipomzaa Shani, umesahau?"

Mama alikuwa amesahau kabisa.

Siku ile ile tukaitia kwenye mapipa. Alhamisi asubuhi niliamka kabla ya jogoo nikaweka sikio. Ilikuwa inasema.

Sasa kulikuwa na tatizo jingine. Mama Shani alikuwa anaitumia ile chachu kwenye pombe yake ya mtama. Kwa hiyo wanzuki ilipoiva haikuwa ile ya dhahabu. Ilikuwa na rangi ya udongo wa kwetu, na ukali fulani wa mtama ulioingia chini ya asali. Haikuwa wanzuki ya mama, na haikuwa pombe ya Mama Shani. Hatukuwa na jina lake.

Jumamosi ikafika. Watu walikuwa wamesikia kwamba Mama Rehema alionekana amebeba kibuyu kwenda kwa Mama Shani, na Shelui nzima ilitaka kujua mwisho wake. Kilabu kilijaa wambea kabla ya wanywaji. Madereva nao wakasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja barabarani. Upande wa pili spika za Bosi Friji zinalia.

Kwa desturi yetu, mpika pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha haina ubaya, kisha anasema "karibuni". Kabla ya hapo hakuna anayegusa. Mama akachota. Akanywa funda moja.

Nilikuwa namtazama usoni na sikuelewa kitu. Hakusema karibuni. Hakutema. Alisimama tu na kata mkononi. Kama amekosea, yeye ndiye atakayekuwa ameimaliza Jumamosi yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Akageuka, akampa kata Mama Shani.

Mpika pombe hampi mwingine kata ya kwanza, sijaona kabla wala baada. Mama Shani akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho, akanywa tena. Halafu akajifuta mdomo na kuwatazama wale madereva pale mlangoni.

"Ruksa," akasema.

Kilabu kikalipuka kwa vicheko. Mzee Kitundu alicheka mpaka kofia ikadondoka. Na watu wakaingia. Tuligawa mpaka mapipa yakakwanguliwa, na glasi (ndiyo, nilikuwa nimekusanya glasi nane za nyumbani na za jirani, na niliziosha kwa sabuni, hiyo ilikuwa ruhusa yangu) zilizunguka mpaka mbili zikavunjika.

Jioni Bosi Friji alizima spika akavuka barabara yeye mwenyewe, na glasi yake mkononi. Alikuta matone. Aliyanywa, akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye friji. Mama akamwambia inaweza, ila kwanza pombe yenyewe imkubali mwenye friji.

Zamu ikabaki. Mwaka uliofuata waliipika pamoja, mama na Mama Shani, na dereva akishuka Sekenke msimu wa asali alikuwa haulizi tena wanzuki. Alikuwa anauliza, "Ruksa imetoka?"

Mzee Saidi, yule dereva, mpaka anastaafu aliapa kwamba alisema ukiamshe. Namwamini. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia.

Sasa nimalizie.

Miaka ikaenda. Mama Shani akatangulia mbele ya haki. Mama akaokoka, akaacha kupika, kibuyu kikakauka kikapasuka. Mimi nikawa mwalimu, wa sayansi kimu wala msicheke, nikastaafu, niko Singida mjini.

Wiki iliyopita nilinunua bia moja ya hawa vijana, ya asali, ya msimu. Nzuri, sisemi uongo. Nikamtafuta kijana aliyeitengeneza nikamwuliza chachu yake ameitoa wapi. Akaniambia inakuja kwenye pakiti kutoka nje, na kila baada ya kupika anaosha vyombo vyote mpaka ving'ae.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikajisema basi, ile yetu imekufa na mimi ndiye niliyeanza kuiua.

Nikampigia simu Shani. Yule mtoto aliyezaliwa siku chachu ilipogawanywa sasa ni mama mtu mzima, yuko Nduguti, analima alizeti. Nikamwuliza tu, kama utani, kama kile kibuyu cha mama yake kiliwahi kubaki.

Akasema, "Kipo jikoni. Nakiamsha kila mwaka. Mama aliniambia nusu ni ya kwenu."

Nikamwambia nitamtuma mjukuu Jumamosi na chupa.

Akakataa. "Njoo mwenyewe, dada Rehema. Na kibuyu, siyo chupa. Watu wakuone unavyopita."

Wakuu, naenda Jumamosi. Kibuyu nimeshanunua sokoni, kipya, na sijakiosha.

Nilichojifunza: kitu kizuri ukikificha peke yako, ipo siku mtu wako mwenyewe atakiosha kwa sabuni. Ile nusu uliyogawa ndiyo itakayokurudia.

Uwanja ni wenu. Kwenu mama aliongea na pombe gani, na kibuyu chake kiko kwa nani sasa hivi? Wa Iramba, Mkalama na Manyoni mnianzie. Na wale wa "hujasema bei", nawaona, kaeni kwa kutulia.